Zizi Tupu la Dutwa

Mwaka wa pili wa shahada yangu ya uzamili ya sanaa niliusomea nyumbani, Dutwa. Mama aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Kaka yangu, aliyewahamishia ng'ombe wote kwake Mwamapalala baada ya msiba wa baba, alisema yeye mwanamume hawezi kumwogesha mama yake. Nikafunga karatasi na mikaa yangu ya kuchorea, nikapanda basi kutoka Dar es Salaam.

Chuo kiliniruhusu kuhudhuria kwa simu vikao vyetu vya kukosoana. Mwanafunzi anabandika ukutani kazi ambayo hajaimaliza, halafu mwalimu na wenzake wanaisema mbele yake. Nilipokuwa chuoni nilivichukia. Dutwa nilivisubiri kwa hamu. Zaidi ya mama na jirani aliyetuletea maziwa, hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye, na wa kuzungumza naye habari za picha hakuwepo kabisa.

Nilikuwa nachora zizi la baba. Lilikuwa limebaki tupu, magugu yameota mahali palipokanyagwa na kwato miaka yote. Nilichora uzio wa miiba, nikachora lango, nikarudia tena.

Siku ya zamu yangu mtandao ulikataa kushika ndani. Nikatoa picha uani, nikazibana kwenye kamba ya nguo. Upepo ukawa unazipindua, nami nazishika kwa mkono mmoja, mwingine umeinua simu.

"Sogea karibu," alisema dada tuliyekuwa tukitumia naye meza moja. "Jua linatupiga, hatuoni."

Nikasogea. Mwalimu akakohoa. "Hii kubwa ya katikati," akasema, "nataka nikuulize jambo—"

Simu ikakatika.

Nilizunguka nyumba nikitafuta mtandao, nikapanda juu ya jiwe la kufulia. Uliporudi, walikuwa wameshahamia kwenye sanamu ya mwanafunzi mwingine. Mtu alikuwa amepeleka chapati, wanakula huku wanabishana na kucheka. "Halo, nimerudi," nikasema. Nikasema tena kwa sauti kubwa. Hakuna aliyegeuka. Baadaye sana niligundua kuwa sauti yangu ilikuwa imezimwa.

"Ng'wanone, mwanangu," mama akaita kutoka ndani, "unaongea na nani?"

"Na wenzangu, mayu."

"Mbona siwasikii?"

Nikaanua picha, nikaingia kumgeuza ubavu.

Nilimwandikia mwalimu. Zilipita siku kadhaa ndipo aliponitumia ujumbe wa sauti. "Nilitaka kujua ulisimama wapi ulipochora," alisema. "Kila picha naona uko nje ya uzio. Huingii?"

Nilikasirika. Yeye anajua nini? Lakini ilikuwa kweli. Tangu tumzike baba sikuwa nimeingia mle. Jioni moja, mama akiwa amelala, niliondoa magogo ya lango nikaingia na ubao wangu. Majani yalinifika kiunoni. Nikakaa chini, na kutoka pale kitu pekee nilichokiona vizuri kilikuwa nyumba yetu: mlango, dirisha la mama na pazia lake. Nikaanza kuichora nyumba. Mama akaamka, akakohoa, akajisemea maneno yake ya maumivu, na nikasikia kila neno. Sikujua kwamba kutoka zizini mtu anasikia hivyo. Baba alikaa humu kila jioni miaka yote. Alitusikia tukigombana, tukimsema. Nililia, mkaa ukanichafua uso, nikaendelea kuchora mpaka giza liliponizuia.

Mama alipoanza kutembea kwa fimbo, wifi yangu, mke wa kaka, akaja kukaa naye, nami nikarudi Dar es Salaam kwa maonyesho ya mwisho. Nilitundika picha za nyumba tu. Mwalimu alisimama mbele ya picha hizo muda mrefu, akanipa mkono, akasema, "Sasa uko ndani." Nilifaulu.

Baada ya hapo tulikaa nje na soda. Wenzangu walikumbushana mambo ya mwaka ule: mlinzi aliyewafungia darasani, safari ya Bagamoyo, rangi iliyomwagika ngazini. Walipocheka nilicheka. Kisha nikasogea pembeni nikapiga simu nyumbani. Wifi alipokea, akasema mama ameshalala.

"Nimwamshe?"

"Hapana," nikasema. "Mwache apumzike."

Nikabaki nimeshika simu, nikimsikiliza wifi akinieleza habari za mvua.