Chipu ya Saa ya Adhana

Juzi, kwa fundi wangu wa redio pale Mishomoroni, mzee wa msikiti alikuja na muadhini wake kuagiza saa ya adhana ya betri, maana stima yetu mwaijua kwa kukatika. Fundi akawaonyesha chipu mbili, ndizo akili za saa.

"Hii hukesha, betri huisha upesi. Hii hulala, ikaamka wakati wa adhana tu."

Mzee akaisukuma ya pili kwa kidole. "Msikitini hatuweki kitu kilalacho." Kisha akasita. "Huamka yenyewe? Bila kugongewa mlango?"

"Yenyewe, mzee."

Muadhini akawa anarekebisha kofia.

"Basi tia hiyo," akasema mzee.

Sikushangaa. Nyumba yangu na ya muadhini zimepakana, na wallahi kila alfajiri mimi huamshwa na hodi za mzee.