Badra binti Daudi, Aliyekaa Upande wa Pili wa Kitabu

Alizaliwa katika kijiji cha Beit Nahar, mwendo wa siku moja kwa punda kusini ya Dhamar, katika nyanda za juu za Yemeni, mwaka wa 1868 au 1869. Mwaka kamili haujulikani, kwa kuwa siku za kuzaliwa za watoto wa kike hazikuandikwa. Kinachojulikana ni kwamba mtama ulikuwa bado haujavunwa, na kwamba mama yake, Rumia, alifariki miaka mitatu baadaye akimzaa mtoto wa pili ambaye naye hakuishi. Baba yake, Daudi bin Saidi, alikuwa mori wa Wayahudi wa kijiji hicho, yaani mwalimu wao, na pia mchinjaji wao. Siku nyingine alifuma vitambaa ili apate mkate. Nyumba zilikuwa kumi na tisa. Sinagogi lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lililotazama uani, ambako wanawake walisimama kusikiliza.

Kijiji kilikuwa na hati moja ya Torati, yaani gombo la kusomea Sabato, na kitabu kimoja cha kujifunzia. Kitabu hicho kiliandikwa kwa mkono, chenye alama zote za irabu, na watu walikiita Taji. Kilitolewa wakfu na babu yake Daudi, na katika ukurasa wa mwisho palikuwa na sharti lililoandikwa kwa wino mwekundu: kitakaa mahali kinapofundishwa, na pasipokuwa na mwalimu kitahamia mji ulio karibu wenye wanafunzi. Kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja, wanafunzi walikaa wakikizunguka, kila mmoja akisoma kutoka upande wake. Aliyekaa ubavuni alizoea herufi zilizolala. Aliyekaa mkabala na mwalimu alizisoma zimepinduka, miguu juu. Mahali hapo hakuna aliyepapenda, na mara nyingi palikuwa wazi. Ndipo Badra alipokaa akisuka vikapu vyake, maana hakuwa na mama wa kumwachia nyumba, na baba hakutaka awe mbali na macho yake.

Alikuwa na miaka tisa siku Mori Daudi, akiwa amechoka, aliporuka neno. Badra alilitaja bila kuinua uso kutoka kwenye kikapu. Baba akamuuliza, "Nani kakufundisha?" Akajibu, "Si wewe, Baba? Ulikuwa unamfundisha Yihya, mimi masikio yangu yako wapi?" Mori akamgeuzia kitabu kikamwelekea sawasawa, akamwambia asome. Hakuweza kusoma hata herufi moja. Baba alicheka mpaka akafuta machozi, akakirudisha kama kilivyokuwa. "Basi kaa hukohuko," akasema. Wito wake ulianza hapo, ingawa wakati ule hakuna aliyeuita hivyo, naye mwenyewe alidhani ni mchezo wa nyumbani.

Aliolewa na Salim, fundi wa ngozi, mtu mpole, naye akafa kwa homa wakiwa na mtoto mmoja wa kike, Lulwa. Badra alirudi kwa baba yake akiwa na miaka ishirini na minane. Alimkuta macho yamekwisha. Kwa miaka sita mzee aliendelea kufundisha kwa kumbukumbu, na binti akakaa mkabala naye akisuka, akimtajia kwa sauti ya chini mahali alipopotea. Watu walidhani mzee bado anaona kidogo. Lakini shule ilikuwa imeanza kudhoofika zamani, tangu macho yake yalipoanza kufifia. Wanaume waliokua katika miaka hiyo walijua sura za Torati kwa kusikia tu, na walipoitwa mbele ya hati walinong'onezwa na mzee mmoja aliyesimama nyuma yao. Kwa Wayahudi wa Yemeni hili si jambo dogo. Huko hakuna msomaji wa kuajiriwa. Kila anayeitwa husoma mwenyewe, mbele ya watoto wake, na asiyejua hujulikana.

Mori Daudi alifariki mwezi wa Kislevu, mwishoni mwa mwaka 1902. Siku thelathini za maombolezo zilipokwisha, alifika kutoka Dhamar Mori Zakaria bin Musa, mtu wa sheria, mkavu wa maneno, aliyekuja kutimiza sharti la wakfu. Alikusanya wanaume uani akawauliza nani sasa anafundisha. Badra, aliyekuwa mlangoni na kikapu mkononi, akasema, "Mimi."

Mhunzi, Shukri, alicheka. "Binti Mori akifundisha, mkate wetu ataoka nani?"

"Ule wa kwako hata ukiokwa unalalamika," akajibu Harun mfinyanzi. "Mwache mama wa watu aseme."

Mori Zakaria hakucheka wala hakukasirika. Alisema sheria ya wakfu inataka mwalimu, haitaji ndevu zake. Akaweka mtihani: Sabato ya mwisho kabla ya Pasaka angerudi, na wanaume saba ambao yeye mwenyewe aliwachagua siku ile, wote wa wale wa kunong'onezwa, wangesoma hatini bila msaada. Wakishindwa, hata mmoja, Taji lingeondoka naye. Ilibaki miezi mitatu. Kila aliyekuwapo alielewa maana yake: kijiji kisicho na kitabu hakifundishi, na kizazi kimoja tu kingetosha kuwafanya watu wa Beit Nahar wasijue walitoka wapi.

Walisoma kila asubuhi baada ya sala, kabla ya kazi. Mafundi wenye umri wa kuwa baba za watu walibanana sakafuni upande mmoja wa kitabu kama watoto, na mikono yao ilinuka ngozi, makaa na mafuta ya ufuta. Badra alikaa palepale alipozoea, vikapu vikiwa mapajani, akiwa amewaelekezea wao kitabu. Hakuwaaibisha. Aliyekosea aliambiwa tu, "Rudi neno moja nyuma," na hata leo wazee wa Beit Nahar huwaambia hivyo wajukuu wao wakidanganya. Harun alichelewa siku ya kwanza, udongo umemjaa mpaka viwiko, na ili asiwachafue wenzake akakaa mahali pekee palipobaki, kando ya mwalimu. Akabaki hapo. Alikuwa mwenye bidii kuliko wote. Shukri alimtania kwamba anakaa karibu na mwalimu apate jibu kabla ya swali, naye Harun alimjibu, "Na wewe umekaa karibu na jiko. Tutaona nani ataiva."

Sabato ikafika. Hati ya kijiji haikuwa na kasha la mbao kama zile za mjini. Ililazwa juu ya meza katikati ya chumba. Badra alisimama uani pamoja na wanawake, mkono wake ukiwa juu ya kizingiti cha dirisha. Wa kwanza alisoma. Wa pili alisoma. Shukri alisoma akitokwa jasho, bila kosa. Sita walimaliza. Harun akaitwa wa saba, akabariki, akainama, na hakukusikika kitu. Mzee wa kunong'oneza alifungua kinywa, na Mori Zakaria akainua mkono kumzuia. "Asome mwenyewe," akasema.

Wanawake waliokuwapo walisimulia kwamba Badra aligeuka rangi. Alikuwa amekwisha kuelewa. Miezi mitatu yeye na Harun walikaa upande mmoja, na alichokiona Harun ndicho alichokiona yeye. Alikuwa amemsahihisha matamshi, pumzi na vituo, wala hakuwahi kufikiria kwamba mtu huyu hajapata kuiona herufi ikiwa imesimama kwa miguu yake. Kosa halikuwa la mfinyanzi. Na mwanamke hasemi ndani ya sinagogi hati ikiwa wazi. Yeye alisema hata hivyo, kwa sauti ileile ya kila asubuhi, kupitia dirishani: "Harun, zunguka meza."

Harun akazunguka. Akasimama mkabala na mahali pa msomaji, hati ikiwa imepinduka mbele yake, akasoma aya kumi na moja. Alikosea mara moja, akarudi neno moja nyuma, akasahihisha. Alipomaliza, Shukri hakuweza kujizuia: "Mfinyanzi kazoea kuzungusha vyungu, leo kazungushwa yeye." Hata mzee wa kunong'oneza alicheka.

Mori Zakaria alitoka hadi uani baada ya sala. Mazungumzo yao yamehifadhiwa na watu wawili waliokuwapo, na hayatofautiani. Alimuuliza Badra imekuwaje. Angeweza kusema kwamba mwanafunzi alichagua vibaya mahali pa kukaa, na wengi wangemwamini. Alijibu, "Kosa ni langu, Mori. Mimi pia nasoma hivyo tu. Ukinigeuzia kitabu sijui hata herufi ya kwanza. Baba alijua, na sasa unajua wewe. Kama kuna mtu aliyeshindwa leo, ni mimi. Harun amesoma."

Mori Zakaria akasema: "Sheria inataka asome kutoka hatini, na amesoma kutoka hatini. Asimame upande gani, sijaona palipoandikwa." Akaongeza, "Kitabu kinabaki. Lakini kuanzia kesho watu wahame nafasi."

Huo ndio mwanzo wa desturi ya Beit Nahar. Kila siku kila mwanafunzi alisogea nafasi moja, mpaka kila mmoja akasoma kutoka pande zote. Badra naye alihama. Akiwa na miaka thelathini na mitano alikaa mahali pa wanafunzi, kitabu kikimwelekea, akaanza na alfabeti, na waliomfundisha ni Harun na Shukri, waliobishana kila asubuhi nani kati yao ni mwalimu bora. Ilimchukua kipindi chote cha kiangazi. Baadaye alileta wanawake, Lulwa akiwa wa kwanza, jambo ambalo baadhi ya wazee walilipinga kwa miaka minne kisha wakachoka. Katika njaa ya 1905 familia saba zilihama, na mfanyabiashara mmoja akataka kulinunua Taji kwa ngano ya kuwatosha waliobaki. Badra aliwauliza watu wote, wanaume kwa wanawake, na wote wakakataa. Mwaka huo walizikwa watu tisa. Hakuwahi kusema kama walichagua sawa.

Alifariki siku ya Jumanne, wiki ya pili ya mwezi wa Adari, 1934, akiwa amekaa, kikapu hakijakwisha. Maajabu yanayosimuliwa juu yake ni mengi na hayana uzito sawa. Inasemwa taa ya sinagogi iliwaka siku saba bila mafuta, lakini aliyesimulia hakuwapo. Inasemwa wanawake wenye uchungu wa kuzaa waliwekewa kikapu chake chini ya mto wakajifungua salama. Hilo lina mashahidi watatu, na mmoja wao alijifungua mapacha. Ajabu lisilo na ubishi ni hili: watu wa Beit Nahar walipoondoka Yemeni mwaka wa 1949, wazee kwa watoto, hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyepita miaka sita asiyejua kusoma.

Taji lilisafiri limefungwa katika shali, mgongoni mwa mjukuu wa Harun. Sasa liko katika mji mdogo wa uwanda wa pwani wa Israeli, ambako kila Jumanne jioni watu wazima wa Beit Nahar na majirani zao, wenye asili ya Iraki, Moroko na Polandi, hukaa kulizunguka, ingawa kila mmoja ana kitabu chake mfukoni. Hujifunza sura moja, nyimbo za mababu, na wakibaki na muda hubishana kuhusu mapishi ya jahnuni, mkate wa kwao Yemeni. Kila wiki husogea nafasi moja. Anayefundisha hukaa upande wa pili, kitabu kikiwa kimepinduka mbele yake, ili wanafunzi wakione sawa. Mgeni akiuliza kwa nini mwalimu amejichagulia mahali pabaya, huambiwa jina la Badra binti Daudi, kisha husogezewa kiti upande ambao kitabu kinamwelekea. Anayetaka kumfuata mtakatifu huyu hahitaji ajabu lolote: akae mahali pagumu, amwelekezee mwenzake kitabu, na siku atakapogundua kwamba amefundisha vibaya, aseme hivyo kwa sauti inayosikika hadi ndani.