Kitambaa cha Mama na Ukungu wa Kioo

Simu ya msiba iliingia saa mbili asubuhi: mama mkubwa, dada yake mama, amefariki Kitomanga, na mazishi ni baada ya adhuhuri. Sisi tulikuwa Kilwa Masoko, na mvua ya masika haikuwa imekatika tangu jana yake. Mama hakulia. Alisema tu, "Nikikuta jeneza limeshatoka, nimekwenda bure." Kwetu wanawake hawaendi makaburini, anayetaka kumuaga wa kwake humuagia nyumbani.

Tuliingia garini tumelowa, mwavuli unachuruzika miguuni. Hatukufika mbali kioo cha mbele kikafifia. Nje waipa zilikuwa zinafanya kazi yake. Ukungu ulikuwa kwa ndani. Nikafuta kwa kiganja, mama akafuta kwa ncha ya kanga, nayo ina mafuta ya nazi ya nywele, kioo kikawa kama kimepakwa tui. Nikawasha kiyoyozi.

"Zima hiyo," mama akasema. "Unataka unizike na mimi? Magoti yangu hayataki baridi."

Nikazima. Nikashusha kioo cha upande, mvua ikaingia, ukungu ukazidi. Kufika Nangurukuru ilishatimia saa nne na nusu, na nilikuwa nachungulia barabara kupitia tundu la ukubwa wa kisosi. Kwa mwendo ule tungefika watu wameshatawanyika.

Nilisimama kwenye kibanda cha chai kuomba tambara kavu. Dereva wa lori aliyekuwa anakunywa chai akanifuata hadi garini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tunawahi msiba, na gari la huyu limepofuka."

Akachungulia ndani, akacheka kidogo. "Halijapofuka. Mmeliziba pua."

Juu ya dashibodi nilikuwa nimetandika kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mama, ndugu wa vile vilivyo kwenye makochi na televisheni nyumbani. Kilikuwa kinazuia jua. Dereva akakinyanyua. Chini yake, kandokando ya kioo, kulikuwa na safu ya matundu membamba. Gari hilo nimeliendesha miaka mitatu na sikuwahi kujiuliza yana kazi gani.

"Kwetu Njombe kwenye baridi, usipotumia haya ya kupuliza kioo asubuhi hutoki uani," akasema. Akazungusha kitufe hadi kwenye alama ya kioo chenye mishale ya kupanda, akapeleka joto kwenye rangi nyekundu, akawasha kiyoyozi.

"Baridi siitaki, nimeshasema," mama akadakia.

"Kiyoyozi kinakausha hewa tu, mama. Joto nimeliweka. Tia mkono."

Mama akatia mkono, akautoa, akaurudisha.

"Na hiki chenye picha ya mshale unaozunguka ndani ya gari, kizime. Kikiwaka mnarudishiana pumzi zenu wenyewe."

Ukungu ukaanza kuondoka kutoka chini, taratibu, mpaka nikaiona barabara yote na mbuzi waliojikinga mvua ng'ambo. Mama alikunja kitambaa. "Mwezi mzima nimekaa nakifuma."

"Kizuri, mama. Kirudishe kwenye kochi."

Siku hizi mvua ikinyesha siondoi gari kabla sijafanya hayo yote, na kioo nakisafisha kwa ndani kila wiki kwa sabuni kidogo na kitambaa kikavu, kwa sababu kioo chenye mafuta hushika ukungu upesi. Mwavuli uliolowa hukaa kwenye buti. Ni mambo ya dakika mbili.

Tulifika Kitomanga saa saba kasorobo. Wanaume walikuwa wametoka msikitini, jeneza limetengwa uani, maiti bado imo chumbani. Mama aliteremka kabla sijazima gari.

"Ngojeni," akawaambia. "Mdogo wake nimefika."

Wanawake wakampisha mlangoni. Wanaume walisimama kwenye manyunyu bila kuharakishana. Alipotoka, uso wake ulikuwa mtulivu. Akamtazama mzee aliyekuwa karibu na jeneza, akasema, "Haya, mchukueni."