Mzee wangu na game ya kwenye karedio ka nyimbo, nusura pamba yangu iliwe na ng'ombe

Wakuu, mwangaluka! Ni bibi yenu wa huku Bariadi. Naandika kwa kidole kimoja, shule niliishia njiani, msinicheke. Ila haya yamenipata mimi mwenyewe.

Kuna mtu kauliza humu kama kale karedio kadogo ka kuwekea nyimbo, kale kenye kioo, kanafaa kuchezea game.

Eeh! Njoo kwangu uone.

Binti yangu aliniletea kamoja toka Mwanza. Nachomeka kwenye spika, kwaya inaimba, raha tupu. Kumbe ndani wameweka na game. Nyoka anakula, anarefuka.

Mzee wangu akaigundua. Wakuu, aliacha mpaka bao! Yeye na rafiki yake mzee Masunga wanapokezana, kioo chenyewe kidogo kama kiberiti, kelele uani: "Kata kona! Kata kona we mjinga, utajigonga!"

Mbuzi akiwa mbele yao hawamuoni. Nyoka wanamuona.

Sasa juzi niliita akina mama waje kunichumia pamba. Huku kwetu watu wakiitana shambani ni nyimbo, bila nyimbo mikono haiendi. Na lazima iishe siku ileile, maana jirani kashachuma yake, kesho anaachia ng'ombe. Ng'ombe na pamba mnawajua wenyewe.

Nimepika, watu wamefika, nabonyeza.

Kimya. Chaji imekwisha yote kwenye nyoka! Na kile kitufe cha kuruka wimbo, ambacho wao wanakatia kona, kimezama ndani kama jino bovu.

Akina mama wakaanza kujifunga khanga waondoke. Mmoja ananiambia, "Mayu, umetuita kwenye pamba au kwenye msiba?"

Nikamfuata mzee.

"Baba Shija, chaji umekula wewe. Haya, imba."

"Mimi? Niimbe mbele ya wake za watu?"

"Na Masunga akuitikie."

Wakaimba, wakuu! Sauti kama ndama wamefungiwa. Akina mama wakacheka mpaka wakakaa chini, halafu wakainuka wakachuma. Jua linazama, shamba limebaki vijiti.

Kwa hiyo mliouliza, kwa game kanafaa, tena sana. Nyimbo ndio basi tena. Ukinunua kamoja, jua wenye hamu nako nyumbani ni wawili, wa nyimbo na wa game.

Mzee sasa hivi yuko nje anabandika kitufe kwa gundi. Mnaojua, hii game inafutwaje? Jibuni upesi, gundi inakauka.