Siku Niliyomkagua Meno Mama Mkwe

Jamani, hii habari naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakiisimulia vibaya. Nendeni leo kule ziwani, upande wa Lituhi, mtajeni Mwalimu Kosmas, na mtu wa kwanza mtakayekutana naye atawauliza, "Yupi, yule daktari wa meno?" kisha atakaa chini acheke mpaka ashike mbavu. Mimi sijawahi kuwa daktari hata siku moja. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Litembo, nimekulia kwenye kahawa na mahindi, na aibu niliyoipata siku ile ni aibu ambayo hata padre nilipomsimulia alijifunika uso kwa kitabu cha sala, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Zilikuwa enzi za ruksa. Soko limefunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda na malori yao mpaka milimani, kila mtu amevaa koti la mitumba (langu lilikuwa la rangi ya udongo, mikono mirefu kidogo, lakini ukikunja hakuna anayejua), na vitu ambavyo hatukuwahi kuviona vikaanza kutufikia. Kati ya vitu hivyo, vitabu vya watoto. Siyo vile vya kiada vyenye jalada la kijivu, la hasha! Vitabu vya picha, vya rangi, simba ana manjano ya kweli, na vingine virefu vya hadithi kwa watoto wa darasa la tano na la sita. Mimi wakati huo nafundisha shule ya Mapera, na ofisi ya elimu ikanipa boksi la vitabu na kazi ya kuzunguka vijijini kuwaeleza wazazi: hiki kinamfaa mtoto anayeanza kusoma, hiki msomee asiyejua kusoma bado, hiki mpe yule mkubwa anayejifanya hapendi vitabu. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Kituo cha kwanza kilikuwa Kitura, na Kitura nilianguka. Nilisimama nikasoma kwa sauti nzuri ya kanisani, ukurasa kwa ukurasa, na nilipoinua macho mwenyekiti wa kijiji alikuwa anakoroma, na mama mmoja ananyonyesha huku kichwa kimemlalia begani. Hakuna aliyegusa kitabu. Nikaondoka nimenuna, nikajiapiza kwamba kituo kinachofuata sitasoma tu, nitaigiza, na nitamwita mtu kutoka kwa watu aigize na mimi. Hilo ndilo kosa langu lote, jamani. Mengine yote yalikuja yenyewe.

Sasa kituo kilichofuata kilikuwa ziwani, kijijini kwa kina Adelina. Adelina alikuwa mchumba wangu, mwalimu wa shule ya pale pale, na posa yangu ilikuwa imeshapokelewa, imepelekwa na mshenga wangu Mzee Osmundi, lakini ndoa bado. Na mnajua mambo ya ukwe yalivyo kwetu, na kwao ni hivyo hivyo: mama mkwe humtazami usoni, humpi mkono, mkikutana njiani unaingia kwenye majani mpaka apite, na kula mbele yake ndiyo kabisa, bora ufe na njaa. Mpaka siku ya ndoa atakapokuondolea haya mwenyewe kwa zawadi. Kwa hiyo mama yake Adelina nilikuwa sijamwona hata kisogo, wala yeye hajaniona.

Nikashuka milima na lori la kahawa, nimekalia boksi langu, na kitu cha kwanza nilichomuuliza Adelina ni, "Mama atakuja?"

"Haji," akasema. "Ameanika usipa kwenye chanja, na leo jua kali, hawezi kuacha dagaa wake. Na sijamwambia kuwa mgeni mwenyewe ni wewe, maana angejifungia ndani mchana kutwa. Fanya kazi yako kwa amani."

Nikafanya kwa amani! Darasa likajaa mpaka madirishani, wengine wamekaa sakafuni, na Mzee Osmundi mwenyewe kaja kunishangilia, akabanwa kule nyuma kabisa kwenye kona. Mwalimu mkuu akanitambulisha, "Huyu ni mtaalamu wa vitabu kutoka wilayani," na mimi nikanyoosha koti. Adelina akatuletea sahani ya maandazi mezani, akarudi nyumbani kwake kuchemsha chai.

Nikaanza na wakubwa. Nilikuwa na kitabu kimoja kizuri sana, hadithi ya msichana ambaye baba yake aliuza mbuzi wake mnadani bila kumwambia, naye akaamua kumfuata mbuzi huyo soko kwa soko. Nikasoma kurasa za mwanzo, kwa vituo, nikiwatazama. Nikiwa katikati akaingia mama mmoja mnene, mcheshi, mkononi kamshika mjukuu wa kike mwenye machozi yaliyokauka mashavuni (baadaye nikajua kuwa mtoto ndiye aliyelia kutaka kuona picha, usipa akaachiwa jirani). Watu wakampisha mpaka mbele kabisa. Nikampungia mkono akae. Nikasoma mpaka pale msichana anapodandia lori la kahawa gizani, anajificha nyuma ya magunia, lori linaondoka, na kumbe dereva anageuza kwenda upande mwingine... nikafunga kitabu, pa!

"Eee!" darasa zima likalia. "Endelea, mwalimu!"

"Anayetaka kujua, akisome mwenyewe," nikasema. Hiyo ndiyo mbinu ya kazi, unakatia kwenye utamu. Yule mama wa mbele akapiga paja, akasema kwa sauti, "Huyu kijana mbaya huyu!" na watu wakacheka, na mimi nikampenda palepale, nikasema moyoni huyu ndiye mtu wangu wa leo.

Kikafuata kitabu cha picha, cha wadogo. Kiboko anaumwa jino, anafungua mdomo mkubwa kuomba msaada, wanyama wote wanaogopa kuingia, mpaka anakuja ndege mdogo mwenye miguu myembamba ambaye haogopi. Nikauliza, "Nani atakuwa kiboko wetu?"

Watu wanaangaliana. Na yule mjukuu akanyoosha kidole hewani, akasema kwa sauti nyembamba, "Bibi!"

Lilivyolipuka darasa! "Bibi! Bibi! Bibi!" Na yule mama, badala ya kukataa, akajifunga khanga vizuri kiunoni na kuinuka. Nikamshika mkono (mkono wa mama mkwe wangu, jamani, nikaushika kwa mikono yote miwili) nikamleta mbele.

Basi nikawa ndege. Nikaruka kwa mguu mmoja, nikapiga mabawa ya koti, nikamzunguka. Akaguna kiboko kweli kweli, watoto wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Fungua mdomo, mama!" Akafungua. "Zaidi, kiboko hafungui hivyo!" Akafungua zaidi. Nikainama, nikachungulia ndani, pua yangu na pua yake hazikuachana hata kiganja, nikageukia watu nikatangaza, "Ndugu wazazi, la nyuma kulia limeoza kweli!"

Watu walianguka. Kuna mzee alitoka nje akicheka peke yake uani. Na kule nyuma nikamwona Mzee Osmundi amevua kofia, anaipunga juu ya vichwa vya watu. Nikasema, mshenga wangu anajivuna na mimi, ngoja nimwongezee. Akaanza kupitisha kidole shingoni. Nikasema, anaigiza mamba mla watu huyo, safi sana! Akainuka, akajaribu kupita, akabanwa na wanawake wenye watoto mgongoni, akabaki anafungua na kufunga mdomo, wala sauti haifiki.

Hadithi inaishia ndege akilitoa jino na kiboko akimlipa keki. Keki hatukuwa nayo, lakini andazi lilikuwepo. Mama akachukua andazi mezani, akanilisha kwa mkono wake, nami nikalipokea kwa mdomo, mikono nimeikunja nyuma, natikisa mkia.

Andazi likiwa mdomoni bado, mlango ukafunguliwa na Adelina akaingia na sinia la chai.

Hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, "Mama." Halafu akanitazama mimi. "Kosmas." Halafu sinia likaanguka.

Yule mama akamtazama bintiye, akanitazama mimi, akanitazama tena, na nikaona jina langu linavyomwingia. Akavuta khanga akajifunika uso wote, akageukia ubao. Mimi nilitaka kuomba radhi, lakini nani anaomba radhi na andazi mdomoni? Kulitema mbele yake siwezi, kulimeza mbele yake siwezi. Mlangoni kuna Adelina na vikombe vilivyovunjika. Nikapita dirishani.

Nilikimbia bila kuangalia, koti linapepea, nikateremka moja kwa moja kuelekea ziwani ambako hakuna watu, nikaparamia kitu, kikalia kwacha, nikajikuta nimelala katikati ya dagaa. Mama mmoja akapiga mayowe, "Wee! Usipa wa Mama Adelina huo!" Naam. Chanja nzima nikailaza mchangani. Nikajikokota mpaka nyuma ya kanisa, nikakaa kwenye benchi, nanuka usipa, na hapo ndipo nikalimeza lile andazi. Nililia, sitawaficha. Adelina nilimpenda, na nilijua familia zimewahi kurudisha posa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mzee Osmundi akanikuta hapo.

"Nilikupungia kofia!"

"Nilidhani unafurahi, mzee."

"Nikajikata shingo kwa kidole!"

"Nilidhani wewe ni mamba."

"Mamba," akasema. "Kwenye ukoo wao wanakaa sasa hivi kuijadili posa, na wewe unaniambia mamba." Akaondoka kwenda kukaa na wazee, akaniacha pale pale.

Asubuhi niliokota usipa waliobaki, nikaosha, nikasimamisha chanja upya, nimeipa nyumba yao mgongo. Adelina akapita na ndoo kichwani, macho yamevimba. "Wajomba wanataka irudishwe," akasema bila kusimama. "Wanasema mtu anayemkagua mkwe meno kama ng'ombe wa mnadani, kesho atafanya nini? Baba amenyamaza. Wanamsubiri mama aseme."

"Na mama anasema nini?"

"Tangu jana hajasema neno."

Jua lilikuwa limeshapanda nilipomwona Mzee Osmundi anakuja, kofia mkononi, uso haueleweki. Nikasimama.

"Mama amesema," akaanza. "Wajomba walikuwa wameshainuka kuitoa ile posa. Akaongea kutoka chumbani, mlango umefungwa. Ameuliza swali moja."

"Lipi?"

"Anauliza, yule msichana mwenye mbuzi, lori lilimpeleka wapi?"

Sikuelewa. Nilimwomba arudie.

"Kosmas, huyu mama hajalala! Wajomba wanasema posa irudi, yeye anawauliza, ikirudi, hadithi nitaisikia kwa nani? Wamekubali, kuku mmoja wa faini, umsimamishie na chanja nyingine. Sasa chukua kitabu twende, usimtazame, na tafadhali sana usiruke kwa mguu mmoja."

Ndivyo nilivyosoma kitabu cha darasa la tano kwa mama mkwe wangu, mimi nje ya uzio wa matete nimeupa mgongo, yeye ndani upande wa pili, na mjukuu anakwenda huku na huku kunionyesha kwa vidole bibi amecheka au amenuna. Msichana alipopigwa na mvua sokoni nilisikia mtu anavuta kamasi nyuma ya matete. Nilipofika sura ya katikati lori langu la kurudi milimani likapiga honi, nami, kwa kuwa ni mbaya kweli kama alivyosema mwenyewe, nikaifunga pale pale ambapo msichana anasikia mbuzi analia ndani ya zizi la watu. Ukatoka mguno wa kiboko ambao sijausikia tena. Kila likizo nikawa narudi na sura moja, nikiulizwa siku ya ndoa najibu kwamba inakaribia, kurasa zimebaki chache. Na kijijini kwao vitabu vyote vya boksi vilichukuliwa, cha kiboko kikagombaniwa.

Siku ya ndoa yetu, baada ya kanisani, wanawake wakapiga vigelegele, wakaniambia nikae mkekani, mama anakuja kuniondolea haya. Nikainamisha kichwa. Nikaona miguu yake inasimama mbele yangu. Kawaida mama mkwe anakuja na shuka au jembe, na mimi mikono nilikuwa nimeshaitandaza kupokea. Yeye akafungua kitambaa cheupe, ndani kuna andazi moja.

"Kula, mwanangu," akasema. "Siku ile ulikimbia hujamaliza."

Nikala, mbele ya ukoo mzima, namtazama usoni. Alikuwa anacheka mdomo wazi, na la nyuma kulia lilikuwa limeshang'olewa.

Tangu hapo vitabu vya watoto bado nawashauri wazazi, na bado naigiza, lakini simwiti mtu yeyote mbele kabla sijamuuliza, kwa heshima zote, ana mabinti wangapi na wako wapi.