Wageni wa Tawakali wa Kinjumbi

Askari wa Wadachi walipokwisha kuchoma maghala ya mtama kule milima ya Umatumbi, watu waliosalia waliteremka pwani kutafuta pa kuishi. Wawili kati yao, Likwata na mkewe Kidawa, walibisha hodi kwa Tawakali, mjane wa Kinjumbi aliyeishi na binti yake Siti.

"Hapa pia kuna njaa," Tawakali aliwaambia.

"Tunajua, mama. Tunaomba pa kulala tu."

Akawapa kibanda cha uani. Majirani walinung'unika: kisima kilikuwa kimoja, na maji hayakuwatosha hata wenyewe. Lakini Kidawa aliingia msituni akarudi na ndiga, viazi mwitu vyenye sumu ambavyo watu wa Kinjumbi hawakuthubutu kuvila. Akavikata vipande, akavilowesha siku kadhaa katika kijito cha mbali msituni, akavianika, akavitwanga. Ugali wake ulikuwa na uchungu kidogo, ila ulishibisha. Siti akajifunza, na wanawake wengine wakamfuata. Likwata naye alifyeka pori nyuma ya kijiji, akapanda mtama na kuulinda usiliwe na nguruwe. Manung'uniko yakapungua.

Kisha ikaja ndui. Ilianzia kwa Kidawa. Siti ndiye aliyemuuguza, na Kidawa alipokwisha kuzikwa, Siti akaugua. Hakuinuka tena. Ugonjwa ukaingia nyumba za jirani.

Jumbe Mfaume akakusanya watu.

"Maradhi haya yametoka milimani," alisema. "Likwata aondoke. Tawakali, mgeni ni wako. Sema."



"Wametulisha," Tawakali alisema. "Na mwanangu nimemzika. Siwezi kusema abaki, wala siwezi kumfukuza."

"Basi tutamfukuza sisi."

Likwata hakubisha. Aliomba tu apite kwenye kaburi la mkewe, wakamkatalia, maana njia ya makaburini ilipita kati ya nyumba. Akaondoka kuelekea Somanga, na habari zake hazikusikika tena.

Ndui haikuondoka naye. Iliendelea kuua watu mpaka masika. Mtama wa Likwata ulipokomaa, jumbe aliugawa kwa wenyeji, na Tawakali akaletewa fungu lake. Alilipokea, kwa kuwa njaa ilikuwa haijaisha. Akatwanga, akasonga, akakaa mbele ya chakula bila kunawa.

"Unaumwa?" jirani yake Sada alimuuliza.

"Siumwi," alijibu, akamsogezea chungu. "Kula wewe."