Matairi ya Kiangazi

Laban Kaloki alikuwa mtu wa mambo mawili tu duniani: mke wake Mwongeli, na gari lake, Corolla DX ya rangi ya chai ya maziwa. Mpangilio huo aliutaja mwenyewe, mke kwanza, gari baadaye, na majirani zake wa mteremko wa Iveti walimcheka wakisema kuwa siku ya kuosha gari mpangilio hugeuka. Hakukasirika. Alifanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja kule Athi River, akirudi nyumbani na vumbi la saruji nyusini, na sijui mtu hata mmoja aliyekuwa adui yake.

Gari lile lilikuwa la kazi zote. Lilibeba mbolea, lilibeba kwaya, lilibeba wagonjwa wa nusu ya kijiji. Lakini Jumapili moja moja, misa ikiisha, Kaloki aliteremka nalo hadi chini ya vilima vya Lukenya, kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa na ranchi moja, ambako wenye magari ya kawaida walikutana kushindana kwenye lami iliyonyooka. Wawili wawili, bendera ikishuka, mguu chini, na mambo yameisha kabla hujamaliza Salamu Maria. Hapakuwa na zawadi ya maana. Mshindi alipigiwa makofi na kununuliwa soda.

Kaloki hakuwahi kuinywa soda hiyo. Injini yake ilikuwa nzuri, hilo kila fundi alikubali, ila bendera iliposhuka magurudumu ya nyuma yalisaga bure, moshi ukapanda, na mwenzake akawa ameshaenda. Siku moja kijana wa Syokimau mwenye Nissan alimjia bila hata salamu. "Mzee, hizo ni tairi za kubeba makaa," akamwambia. "Hapa utakuwa unachoma tu." Watu walicheka, na Kaloki akacheka nao, lakini usingizi wa siku hiyo haukuja upesi.

Ndipo alipoanza kumsumbua Aloys, muuza matairi ya mtumba nyuma ya soko la Machakos. Aloys alimfungua macho. Matairi yenye meno marefu, yale ambayo sisi watu wa milimani tunayapenda, kwenye lami kavu ni hasara. Gari likisukuma kwa nguvu meno hujipinda na tairi likateleza. Kinachotakiwa ni mpira laini, mpana, wenye mifereji michache, ili sehemu kubwa ilale chini na kushika. Bonyeza ukucha: ukiacha alama, mpira huo bado una uhai, usipoacha, waachie wenye mikokoteni. Rimu nayo iwe na upana wa kutosha, la sivyo tairi litavimba katikati na kushika kwa mstari mwembamba. Na siku ya mashindano upepo wa matairi ya nyuma upunguzwe kidogo. Basi kila alipopita mjini utamkuta Kaloki kwa Aloys, akibonyeza tairi moja baada ya jingine kama mama anayechagua maparachichi.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili, na mvua ilikuwa imetusahau. Misimu ilipita mikavu, watu wakaishi kwa mwolyo, chakula cha msaada, na hata Novemba, mwezi ambao Mkamba anauamini kuliko benki, ulikuwa umefika katikati bila wingu. Katika kiangazi hicho Mwongeli alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika hapo awali, na tangu ya pili nyumba ile ilikuwa imepoa. Hii ilishika. Muuguzi wa mjini aliwaonya wote wawili: mama huyu asijaribu kuzalia nyumbani, mtoto amekaa vibaya, uchungu ukianza tu, aletwe hospitali mara moja. Kaloki alimjibu kuwa gari liko. Mama yake mzazi, Kamanthe, aliyeishi nao boma moja, hakusema mengi. Mtoto akiwa msichana angepewa jina lake, ndiyo desturi, na tayari alikuwa ameanza kuligonga tumbo la mkaza mwana kwa kidole na kulisalimu kwa jina hilo.

Muuguzi alikuwa amesema Krismasi. Mashindano ya kufunga mwaka yalikuwa mwezi huohuo wa Novemba, Jumapili. Kaloki alizipima tarehe hizo mbili akaona hazigombani.

Alhamisi ya juma hilo katekista Bartholomew aliwaita watu wote kanisani kuomba mvua. Kaloki, ambaye alikuwa mhudumu wa kanisa, alipanga mabenchi, akapiga magoti sakafuni, akaomba kwa sauti pamoja na wengine mpaka machozi yakamtoka, maana shamba lake nalo lilikuwa limekauka. Ijumaa, baada ya zamu, akaenda kwa Aloys, ambaye hatimaye alikuwa amempatia jozi aliyoitafuta: laini, pana, karibu vipara. Mtu huyohuyo mmoja. Sitaki kumcheka, lakini niambieni, ni wapi pengine mtu huomba mvua Alhamisi na Ijumaa akalivisha gari viatu vya jua? Sisi tumeomba mara nyingi mno bila kujibiwa, hata tumezoea kusema amina na kuacha miavuli nyumbani.

Aloys hakumficha. "Hii ni ya jua, Kaloki," alisema akikaza nati ya mwisho. "Mvua ikikuja, hata huo mlima wenu hutapanda."

"Mvua gani?" Kaloki akamuuliza, na wote wawili wakatazama juu.

Aliyaacha matairi yake ya meno pale dukani hadi Jumatatu, pamoja na lile la akiba, ili gari liwe jepesi. Kisha akapanda Iveti kwenda kwake.

Mvua ilianza Jumamosi, wakati wa chai ya saa nne. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Watu walitoka nje bila kujifunika. Kamanthe alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Kaloki alisimama uani mikono wazi, ameloa chepechepe, anacheka peke yake, na ndipo Mwongeli alipotokea mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili. Uchungu ulikuwa umeanza.

Kutoka boma lile hadi barabara kuu ni mwinuko wa udongo mwekundu, wala si mrefu; siku yoyote ungeupanda huku unaongea. Gari lilisogea kidogo likakaa. Mpira ule mzuri ulijaa matope ukawa sabuni. Majirani walikuja kusukuma wakiwa bado na furaha ya mvua, wakimtania Kaloki kuwa leo mashindano yamehamia Iveti, na mmoja baada ya mwingine, walipomwona Mwongeli kwenye kiti cha nyuma, wakaacha kucheka. Walitandika majani ya mkonge, magunia, mpaka blanketi. Kaloki akapunguza upepo, akajaribu tena, na gari likateleza kando likaegemea ukingo wa mtaro. Kila alipokanyaga mafuta alisikia injini yake ikinguruma bure, na nyuma yake mke wake akijizuia kupiga kelele.

Mwishowe walimbeba kwa kitanda. Waliteleza, wakaanguka kwa magoti, wakainuka, hadi barabara kuu, wakangoja huko mvuani mpaka lori moja likasimama. Walipofika hospitali siku ilikuwa imeshakwenda sana, na wauguzi walifanya yote waliyoweza. Alikuwa msichana. Hakulia. Yule muuguzi aliyewaonya ndiye aliyetoka kumwambia Kaloki, akaongeza kwamba laiti wangefika mapema kidogo, kisha akaonekana kujuta kulisema.

Walimzika ukingoni mwa shamba. Kamanthe alimfunga kwa kanga yake ya kanisani, akamwita kwa jina lao mara moja, ya kwanza na ya mwisho, halafu akaomba apelekwe ndani.

Na mvua haikukatika. Ilikuwa mvua njema, ya kulowesha hadi chini, na Iveti nzima ilikuwa mashambani. Watu walimpa Kaloki pole, kisha wakajisahau, wakamwambia kuwa Mungu ametenda. Alikuwa akiitikia. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo alilijua, lakini kuna jambo moja alilokuwa bado analingoja: Mwongeli aseme. Kila asubuhi aliamka akiwa tayari kulaumiwa, na kila asubuhi Mwongeli alipokea uji, akashukuru, akauliza kama mbuzi wamepelekwa malishoni. Kaloki aliona afadhali angepigwa.

Asubuhi moja Mwongeli aliinuka, akachukua kopo la mbegu, akaenda shambani. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Kaloki alimfuata na jembe. Yeye akachimba mashimo, mkewe akadondosha mahindi na kufukia kwa mguu, mpaka katikati ya mstari Kaloki akashindwa kuendelea.

"Mwongeli, niambie tu," akasema. "Sema ni mimi."

Mwongeli alifukia shimo lililokuwa mbele yake.

"Niliyaona Ijumaa," akasema. "Ulipoenda kuoga nilitoka nje nikayashika. Nikajiuliza, sasa mvua ikikuja tutafanya nini? Nikaja mpaka mlango wa bafu nikuulize. Nikakusikia unaimba huko ndani. Tangu tupoteze yule wa pili sijawahi kukusikia ukiimba. Nikanyamaza."

Kaloki alikuwa amejiandaa kwa matusi na hata kwa kuachwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Lawama ile, aliyoamini angalau ni yake peke yake, mkewe alikuwa ameibeba kimya kimya tangu kitandani hospitalini, na kuibeba wawili hakukuifanya iwe nyepesi. Alikaa chini kwenye udongo uliolowa akalia kwa sauti, mtu mzima, mchana kweupe, na waliokuwa mashamba ya jirani wakasimamisha majembe na kutazama pembeni. Mwongeli alimngoja. Alipoona hainuki, alilitwaa jembe mkononi mwake akaendelea kuchimba mwenyewe, taratibu, akisimama kila baada ya mashimo machache kushika tumbo.